Uko na Nini mu Mugongo?

Mgongo wa Sidonie Havyarimana haukuwa na siri pale mtaani Mulongwe, Uvira. Kila jirani alikuwa na dawa ya kumpa: huyu samli ya kujipaka, yule maombi ya kufunga, mwingine akamshauri alale sakafuni bila hata mkeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na washauri hao wote walikuwa wanalala vizuri. Sidonie, tangu vita ilipowatoa kijijini Mutarule yeye na mumewe Protais, alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta.

Kilichomsaidia alikigundua mwenyewe. Alijaza maji ya moto kwenye bidoni ndogo ya plastiki, akaifunga mgongoni kwa vikwembe viwili vya kitenge, sawasawa na mama anayembeba mtoto, na maumivu yakapungua kiasi cha kumwezesha kutembea. Watu wakanong'ona kwamba amerukwa na akili, maana walijua alikuwa na binti, Délice, na kwamba Délice alizikwa njiani, Sange, wakati wazazi wake wanakimbilia Uvira. Protais yeye hakunong'ona. Alimpashia mkewe maji kila asubuhi, na mgeni akiuliza habari za mtoto ni yeye aliyejibu, kwa sababu Sidonie hakuwahi kutamka kwa mdomo wake kwamba mtoto amekufa. Alikuwa anageuza uso na kutafuta kazi ya kufanya.

Asubuhi hiyo walikuwa wanakwenda kituo cha afya ng'ambo ya mto, kutafuta sindano. Siku iliyotangulia waasi wa milimani walikuwa wameshuka na kupiga risasi, kwa hiyo maaskari waliweka bariyeri ya ukaguzi darajani na hawakuwa na mzaha. Ilisemekana kuna wanawake wanaowapelekea wale wa milimani mafuta na risasi, wamezibeba kama watoto. Protais alipoisikia habari hiyo kwenye foleni, alimsihi mkewe afungue ule mzigo, autupe kabla hawajafika mbele. Sidonie akakataa. Bila joto lile asingefika hata katikati ya daraja, na mumewe alilijua hilo, basi wakaendelea kusogea.

Askari aliyekuwa anakagua aliutazama mgongo wa Sidonie, akatafuta kichwa cha mtoto, hakukiona.

"Mama, uko na nini mu mugongo?"

Jamani, swali lenyewe. Manesi wa kila kituo walikuwa wamemwuliza kwa maneno hayo hayo, na akili ya Sidonie ilikuwa imeshatangulia kwenye sindano. Akajibu kama mgonjwa anavyojibu.

"Iko inanikula, muganga."

Foleni ikacheka. Mungu awasamehe, mtu mwenye hofu hucheka hata msibani. Lakini askari hakucheka. Alivifungua vikwembe kwa nguvu, akafungua bidoni, akanusa, akamimina kidogo kiganjani. Maji, tena ya moto. Mambo yangeishia hapo, ila mtu aliyechekwa mbele ya watu hatafuti tena mafuta, anatafuta heshima yake. Akasema hakuna mwenye akili anayebeba maji mgongoni huku mto unapita chini ya miguu yake, basi hiyo lazima ni alama ya kutambuana na wale wa juu. Akamwamuru Protais avue viatu, aketi na wanaume waliokuwa wamepangwa ukutani. Pembeni yao kulikuwa na lori, na hakuna aliyewahi kumwona mtu akirudi kutoka kwenye lori lile.

Protais alianza kueleza kwamba mkewe ni mgonjwa, kwamba mtoto wao... Kabla hajamaliza, mdomo wa bunduki ukamgusa kifuani. Askari akamwambia anyamaze, hakuulizwa yeye.

"Sema weye, mama. Hii maji ni ya nani?"

Maumivu yalimpanda Sidonie kutoka kiunoni mpaka kisogoni. Aliogopa kuliko siku ile ya kukimbia. Akinyamaza, mume anapanda lori. Akisema, alijua neno lile likishaanza kutoka halitatoka nusu.

"Ni ya mutoto wangu," alisema. "Alikufaka. Tulikuwa tunakimbia, nimemubeba, akanipolea mu mugongo. Njo maana natafuta joto."

Sidonie akaendelea, ingawa hakuna aliyemwuliza zaidi.

"Bwana yangu anasemaka alikufia Sange. Hapana. Alikufa tukiwa tungali mu mashamba ya pamba. Minye nilijua. Nilinyamaza."

Askari hakumtazama tena. Labda naye alikuwa na mtoto wake aliyempoteza. Alivisukuma viatu vya Protais kwa mguu na kuwaambia wapite upesi.

Walivuka, Protais ameshika viatu mkononi, hakumbuki kuvivaa. Kutoka mashamba ya pamba hadi Sange Protais alikuwa ametembea nyuma ya mkewe, akiongea na mtoto, akidhani amelala. Alimwimbia. Alimwahidi kwamba wakifika Kiliba atamkatia miwa.

"Ile yote niko namuambia tutakula miwa," alisema, "weye ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Minye nilikuwa nakusikia, uko unamuongelea, na miguu yako iko inatembea. Ningesema amekufa, ungeikala chini. Na wale wenye bunduki walikuwa nyuma yetu."

Protais akaketi palepale katikati ya barabara, watu wanampita na mizigo yao na baiskeli zao, akalia kama mtu aliyepewa habari ya msiba leo. Kutoka darajani maaskari walipiga kelele kwamba hakuna kusimama pale. Sidonie alisimama juu yake, mgongo unamla, wala hakumwambia ainuke.