Makabidhiano ya Kuku katika Lango la Pili

Kambi ile ya jeshi ililindwa na raia. Wanajeshi walikuwa na shughuli zao, hivyo malango yalikabidhiwa kampuni ya ulinzi, na Lango la Pili likawa mikononi mwa shangazi yangu, msimamizi wa muda. Ukaguzi wa asubuhi ile ndio ungeamua: ama athibitishwe kazini, ama arudishe sare na kofia.

Nilikuwa nimempelekea miwani aliyoisahau nyumbani, nikamkuta ameinamia pipa la mchanga. Ndani ya pipa hilo kila mlinzi anayemaliza zamu huelekeza mtutu wa bunduki, akahakikisha haina risasi kabla ya kuikabidhi. Majuma matatu yaliyopita, kuku asiye na mwenyewe alilifanya chumba cha uzazi.

Kosa, kama lilikuwa kosa, lilikuwa la mlinzi wa usiku aliyeitwa Nukta kwa kuwa hakuacha jambo bila kuliandika. Aliandika katika daftari la makabidhiano: "Bunduki mbili. Risasi ishirini. Tochi moja. Kuku mmoja, mayai saba." Na mkataba ulikuwa bayana: kilichoingia daftarini hakitoki bila sahihi ya ofisa wa jeshi. Shangazi aliandika barua mbili kuomba sahihi hiyo, hazikujibiwa. Tangu hapo kila zamu ilimkabidhi kuku kwa zamu nyingine, na walinzi wakawa wanahakiki bunduki zao Lango la Kwanza, mwendo wa dakika kumi, jua au mvua.

"Lete miwani, mwanangu." Shangazi alihesabu, akarudia. "Sita. Nukta! La saba liko wapi?"

"Chini ya bawa, bosi. Ila limeota manyoya."

"Limeanguliwa?"

"Alfajiri. Nami nilishasaini saba. Tuache saba, bosi. Nani atampekua mama mzazi?"

"Yaani leo ndiyo siku uliyoichagua kuanza uongo? Kata mstari mmoja, saini pembeni."

Wino haujakauka, gari la mkaguzi likasimama. Alishuka meja mmoja mwenye uso mkavu na jalada kwapani. Alilifungua daftari, akasoma kwa sauti:

"'Mayai sita, kifaranga mmoja.' Hili ni lango la jeshi au banda?"

"Lango, afande," shangazi alijibu. "Banda ni lile pipa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kwa nini hamkumtoa tu?"

"Nasubiri sahihi yako, afande. Barua nilileta mbili."

Meja alipekua jalada lake. Barua zilikuwamo, zote mbili, hazijafunguliwa. Akasafisha koo.

"Lango la Kwanza," alisema, "wameandika 'hali shwari' siku tisini mfululizo. Leo nimelikuta lango lenyewe limeng'oka bawaba."

"Bawaba ya juu," Nukta alidakia. "Tunaiona tukienda kuhakiki. Ipo humu, ukurasa wa arobaini."

Meja aliufungua ukurasa wa arobaini, akausoma. Kisha akachomoa kalamu, akaandika kwamba kuku, mayai sita na kifaranga mmoja viondolewe, akasaini kwa madaha. Hapo pipa likalia: tik.

Shangazi aliinama. Alipoinuka, niliona ameshaamua.

"Samahani, afande. Ni mayai matano sasa. Vifaranga wawili."

"Bosi," Nukta alinong'ona, "mtu amekwisha saini! Mwache aende zake."

Shangazi alilisukuma daftari mbele ya meja. "Kata mstari mmoja, afande. Saini pembeni."

Meja aliichomoa tena kalamu. Akakata. Akasaini pembeni.

Tik.

"Leteni kiti," alisema meja kwa unyonge. "Na chai. Sisaini tena mpaka huyu mama amalize."

Kuku alimaliza saa sita mchana. Meja aliandika: kuku mmoja, vifaranga sita, yai moja viza. Ndipo akatoa fomu ya shangazi ya kuthibitishwa kazini, akaisaini bila hata kuitazama, akainuka kuelekea garini.

Shangazi alivaa miwani, akaisoma fomu yote, mstari kwa mstari.

"Afande," aliita. "Tarehe umeikosea."