Kunyonyesha kwa Kuiba

Mafua ya Likwata yalianza kama mafua ya mtoto yeyote, na mama yake, Somoe, hakuyatilia maanani. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila nyumba ya kijiji kipya ilikuwa na mtoto anayepiga chafya. Wenzake wakapona. Likwata akabaki anakoroma kama mzee. Mwezi ukafa, mwingine ukaandama, na pua bado imeziba. Akipewa ziwa anavuta kidogo, pumzi zinamkatika, analiachia na kulia kwa hasira huku maziwa yakimchuruzika shavuni.

Kijiji chenyewe kilikuwa hakijazoeleka. Nyumba zilipangwa mstari kama vitanda vya hospitali, zikajazwa watu waliotolewa huku na huko, wakaambiwa kuanzia leo ninyi ni ndugu. Lori lilimleta Somoe pamoja na mkwewe, Bi Adija. Mama yake mzazi lilimshusha kwingine, ng'ambo ya Kiranjeranje. Mumewe, Ismaili, alichaguliwa na kijiji kwenda Nachingwea kujifunza kuendesha trekta, akaondoka mtoto hajatimiza arobaini. Basi Somoe alikuwa na majirani kulia na kushoto, kiasi cha kusikia mtu akijikuna usiku, na hakuwa na wa kumwambia neno.

Siku Likwata alipokataa ziwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, Bi Adija alimfunga mjukuu kifuani akatangulia zahanati.

Mganga pale alikuwa kijana, Valentini, mwenye koti jeupe lililomzidi mikono. Alimwangalia mtoto kooni, akamgonga mgongo, akatikisa kichwa.

"Tatizo ni maziwa ya mama. Ni mazito. Yakifika tumboni yanageuka ute, na ute unapanda puani. Mwachishe. Mpe uji mwepesi, kijiko kidogo kidogo, mpaka kifua kikauke."

"Nimwachishe?" Somoe alishtuka. "Mtoto hata kukaa hajui, bwana mganga!"

"Mama, kati yangu na wewe, nani amesomea?"

"Amesomea yeye," Bi Adija alijibu kabla mkwewe hajafungua kinywa.

Uji ukaanza siku hiyo hiyo. Bi Adija alisaga mtama mwenyewe, akauchuja kwa kitambaa, akaukoroga mpaka ukawa maji. Kwa ajili ya mjukuu huyo hakuona uvivu. Likwata aliupokea mdomoni, akaukalisha, akautema. Somoe aliambiwa ajifunge kifua kwa khanga ili maziwa yakauke. Aliifunga khanga, na chini yake maziwa yakajaa mpaka kifua kikawa kama mawe.

Hapo maneno yakapata njia. Mtoto kuachishwa hajakaa bado? Pale mstarini hilo lilikuwa na maana moja tu. Mama Eusebio, aliyetoka vilimani na kupangiwa nyumba ya pili yao, ndiye aliyeitamka kwa sauti bombani.

"Kabemendwa yule. Mama kaonja nje huku ananyonyesha, maziwa yakachafuka, mtoto ndiyo kaumwa. Na mume yuko Nachingwea! Sasa jumlisheni wenyewe."

Walijumlisha. Katika shamba la kijiji kulikuwa na kibanda cha makuti ambamo wanawake wenye watoto wachanga walikaa kunyonyesha na kusengenya. Somoe alipoingia siku iliyofuata, mikeka ilivutwa. Hakuna aliyemtukana. Walisogea tu, kila mmoja kidogo, wakiendelea na mazungumzo yao, mpaka akajikuta amekaa peke yake kama mgeni aliyekosea harusi. Kesho yake hakuingia tena.

Mtoto akakonda. Shingo ikalegea, kilio kikawa chembamba. Jioni moja Somoe alikuwa akiokota kuni katika mikorosho ya kitongoji kilichohamwa, Likwata mgongoni, akahisi mtoto anageuza kichwa huku na huko kwenye nguo, anatafuta. Maziwa yakatoka yenyewe, khanga ikalowa. Somoe akaketi chini.

Hakuwa amepanga lolote. Alikumbuka tu jinsi mama yake alivyokuwa akiwafanyia wadogo zake. Akaweka mdomo wake juu ya pua ya mwanawe, akavuta polepole, akatema pembeni. Akavuta tena, akatema. Likwata alipiga kelele kana kwamba anachinjwa, kisha akanyamaza ghafla, akavuta hewa kwa pua kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akashangaa. Somoe akamkalisha wima mapajani, akampa ziwa. Akanyonya. Akaachia, akavutwa kamasi, akanyonya tena mpaka akasinzia na mdomo wazi.

Tangu hapo Somoe akawa anamwiba mwanawe. Kila jioni kuni, kila jioni mikorosho. Alfajiri alitafuta kisingizio kingine. Nyumbani uji ulipikwa, ukanyweshwa, ukatemwa, akaufuta kimya kimya. Mashavu ya Likwata yakaanza kurudi, na Bi Adija akawa hakai kwa furaha.

"Mnaona uji wangu?" aliwaambia majirani. "Bwana mganga anajua kazi!"

Lakini Mama Eusebio naye alikuwa na macho.

"Uji tumeuona, Bi Adija. Na kuni? Mkweo anashinda porini mpaka magharibi, anarudi na vijiti vya kuchemshia yai. Huko anaokota nini?"

Jioni ile Bi Adija alichukua mchi wa kutwangia, akaingia mikorosho kwa kunyata, magoti yakimlalamikia, amekusudia kumvunja mtu mbavu.

Alimkuta Somoe chini ya mkorosho, mgongo kwenye shina.

"Yuko wapi?" alifoka, mchi juu.

"Nani, mama?"

"Huyo mwanamume wako!"

"Niko na mtoto tu, mama."

Bi Adija alitazama nyuma ya shina, akatazama kichakani. Hapakuwa na mtu. Likwata alikuwa ananyonya kwa pupa, pua ikipiga filimbi. Ilipoziba akaachia na kukunja uso. Somoe akainama, akavuta kamasi, akatema, akamrudishia ziwa. Yote hayo bila kumtazama mkwewe, kama mtu anayesubiri kipigo lakini ana kazi ya kumaliza.

Mchi ukashuka.

"Tangu lini?"

"Tangu alipolegea shingo."

"Na uji wangu?"

"Anautema, mama. Huwa naufuta."

Bi Adija akaketi kwa mbali, akasikiliza mtoto anavyomeza.

"Nimewatangazia watu wote kwamba ni uji," alisema mwishowe.

"Waambie, mama. Wewe watakusikiliza. Waambie hakuna mwanamume."

"Niwaambie nimelijuaje? Kwamba nilimfuata mke wa mwanangu na mchi?" Alijiinua kwa kuuegemea mchi huo huo. "Mnyonyeshe. Uji sipiki tena. Lakini mnyonyeshee ndani, mlango ufungwe. Na bwana mganga asijue."

Akatangulia kuondoka. Hakugeuka nyuma.

Usiku Somoe alinyonyesha ndani, mlango umefungwa, na ng'ambo ya ukuta alisikia majirani wakicheka jambo ambalo hakulijua. Likwata alilala anapumua kimya. Yeye hakulala. Ismaili angerudi msimu wa kulima, na kabla ya kumwona mke wake angekutana na kijiji. Nani angemwambia? Bi Adija, mama yake, alikwisha kuchagua la kusema.

Asubuhi alikwenda shamba la kijiji akalima mstari wake. Wakati wa kunyonyesha ulipofika, akaingia katika kibanda cha makuti na Likwata mkononi. Mazungumzo yalikatika.

"Si ameachishwa huyu?" Mama Eusebio aliuliza hewani.

"Hajaachishwa," Somoe alijibu. "Na hataachishwa mpaka atembee."

Akaketi katikati, akafungua kifua mbele ya macho yao yote, akaweka mdomo juu ya pua ya mwanawe, akavuta, akatema nje ya kibanda. Mwanamke mmoja akaguna. Mikeka ikavutwa, huyu huku, yule kule, mpaka sakafu ikawa wazi pande zote.

Likwata alinyonya. Somoe alinyoosha miguu, maana nafasi ilikuwepo.