Kipenga cha Kocha Pruett

Semina ya makocha ilifanyika, kama kila Februari, katika ukumbi mkubwa wa hoteli iliyo kando ya barabara kuu, nje kidogo ya Jackson, Mississippi. Asubuhi wahudumu walipanga majagi ya maji ya barafu juu ya meza zenye vitambaa vyeupe. Makocha wa shule za sekondari wakaingia na sahani za mikate ya moto iliyomwagiwa mchuzi mzito wa soseji, wakakaa kwa kelele, kila mmoja na jina la shule yake kifuani. Walikuja kuwasikiliza makocha wa vyuo. Kocha wa chuo akisimama mbele na kalamu ya ubao, akachora miduara na mishale, hawa wa sekondari hunakili kama watu walio kwenye mahubiri.

Lucius Tarver alikaa mbele, karibu na njia iliyokatiza ukumbi kati ya meza. Hakuchukua chakula. Alikuwa amefundisha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kugongana, maisha yake yote katika mji mdogo wa mashamba ya pamba. Katika vijana wake wote, aliyefika mbali alikuwa Marquel Stokes, mtoto pekee wa Bi Ernestine. Kocha Dwight Pruett alikuja mwenyewe kumchukua akachezee chuoni kwake. Julai iliyopita, jua likiwa kali, Marquel alianguka uwanjani katika zoezi la mbio, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Walimzika Jumamosi. Jumatatu yake Marquel akarudi mazoezini.

Wenzake walimpisha. Alikimbia kutoka mstari mmoja hadi mwingine, akainama, akagusa nyasi, akageuka. Timu iliposafiri naye alisafiri, akikimbia kando ya basi. Jioni alifika nyumbani kwa mama yake, akaizunguka nyumba, na Bi Ernestine akiosha vyombo alimwona akipita dirishani, akipita tena. Bi Ernestine ni mtu wa sala, hakulia mbele za watu. Alimwendea Tarver siku ya Jumapili baada ya ibada, akamwambia:

"Kocha, wewe ndiye uliyemtoa kwangu. Sasa nenda ukamsimamishe. Kaburi lake liko pale kama kitanda kisicholaliwa."

Tarver alijua kwa nini Marquel hakupumzika. Alimfundisha tangu mtoto yule akivaa kofia inayomfunika macho: usisimame mpaka kipenga. Ukianguka, inuka. Ukichoka, hayo ni yako na Mungu wako. Na kipenga kiwe cha kocha wako, maana kwenye mechi wapo watu wa upande wa pili watakaopuliza vya kwao ili wakupumbaze. Sasa siku ile ya Julai, Marquel alipoanguka, Kocha Pruett alimwambia inuka. Akamwambia tena inuka. Kisha akaona mambo yameharibika, akakimbilia simu. Zoezi halikufungwa. Kipenga hakikulia.

Kocha Pruett alipanda jukwaani akipigiwa makofi. Ni mtu mrefu, mwenye sauti nzuri, kipenga shingoni, asiyesahau jina la mtu. Kwenye skrini nyuma yake yalitokea maneno: Jinsi ya Kuwafanya Wawe Wagumu.

"Nipeni mwili," akasema.

Hiyo ni desturi ya semina. Msemaji akitaka kuonyesha jambo huomba mwili, na mmoja wa wasikilizaji hupanda akasukumwasukumwa huku wengine wakicheka. Safari hii hakuna aliyehitaji kupanda. Mlango wa pembeni ulifunguka na Marquel akaingia akikimbia, jasho likimdondoka juu ya zulia, midomo imebabuka. Akagusa ukuta wa kulia, akageuka, akaenda ukuta wa kushoto. Makocha waliokaa kando ya njia walivuta miguu yao ndani.

"Mwangalieni anavyoshusha nyonga," Pruett akasema.

"Hibbler, umeona?" mmoja akapaza sauti. "Wa kwako wanageuka kama malori ya taka!"

"Heri wangu wanageuka," Hibbler akamjibu. "Wako hugeuka wakisikia kuku anakaangwa!"

Wakacheka. Tarver akasimama.

"Kocha Pruett, samahani, bwana. Puliza kipenga."

"Maswali ni mwishoni, Kocha Tarver."

"Sikuuliza swali. Nakuomba umpulizie mtoto."

Pruett alishuka jukwaani, akamwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini. "Lucius, ndugu yangu. Ingekuwa hiari yangu ningepuliza sasa hivi. Wanasheria wa chuo wamenikataza. Wamekwisha kusema kwamba zoezi lilikuwa limefungwa alipoanguka. Nikipuliza leo, maana yake lilikuwa halijafungwa."

"Na wewe si unaliona kwamba halijafungwa?"

"Naliona. Nani amesema silioni?"

Tarver akamimina maji kwenye glasi, akaingia njiani, akaanza kukimbia sambamba na Marquel, mzee wa magoti mabovu, maji yakimwagikia mkono wa koti.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa hata funda moja."

"Bado, Kocha," Marquel akasema. Ulimi wake ulikuwa mkavu, maneno yalitoka yakikwaruza. "Hajapuliza."

Tarver akatoa kipenga chake mfukoni, kile alichompulizia Marquel miaka yote ya shule, akapuliza kwa pumzi yake yote. Uma zikabaki hewani, maana hawa ni watu waliolelewa na kipenga. Marquel akapunguza mwendo. Akageuza uso, akatabasamu kama zamani.

"Hicho si chake, Kocha. Si ulinifundisha wewe?"

Akagusa ukuta, akakimbia tena.

Tarver akamrukia kiunoni, bega chini, kichwa pembeni, vile vile alivyofundisha watoto wa watu. Akamng'ang'ania. Marquel hakuanguka. Alimburuta juu ya zulia mpaka ukuta wa pili, akagusa, akamburuta kurudi, na Tarver alikuwa akisema, "Yesu, msimamishe, Yesu, msimamishe," mpaka mikono ikamwachia yenyewe. Makocha wenzake walimwinua, wakampangusa magoti, wakamvutia kiti, wakampa maji. Yeye akanywa. Pruett alikitumbukiza kipenga chake ndani ya shati, akafunga kifungo, akarudi jukwaani.

Somo likaendelea hadi mwisho. Ulipofika wakati wa maswali, Hibbler akanyoosha mkono.

"Kocha, mimi wangu wakihema kidogo wanalala chini. Huyu umempataje?"

"Sistahili sifa hiyo," Pruett akasema, akanyoosha kidole. "Muulizeni Kocha Tarver. Mimi nilimpokea akiwa tayari."

Ukumbi ukamgeukia. Kalamu zilikuwa tayari. Tarver alitaka kusema jambo jingine, lilikuwa limemjaa kifuani, lakini waliuliza kwa heshima, nalo jibu alikuwa nalo.

"Nilimwambia asisimame mpaka kipenga," akasema.

Wakaandika.

Jioni Tarver alimpigia simu Bi Ernestine akiwa amesimama mlangoni mwa ukumbi.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Basi anakuja?"

"Bado yuko mazoezini, Bi Ernestine."

Tarver akasikia mlango wa oveni ukifunguliwa kule, kisha ukifungwa.

"Haya," akasema mama. "Sahani yake nitaifunika."

Ndani, wahudumu walikuwa wakikunja meza. Waliyamwaga kwenye ndoo maji yaliyobaki kwenye majagi, na barafu ilikuwa bado haijayeyuka yote. Viti walivipanga pande mbili, wakaacha njia katikati, upana wa mtu anayekimbia.