Siku Niliyofungua Ubavu

Kabla hujazima injini, nenda kaombe. Hilo ndilo jambo la kwanza mume wangu Merle alinifundisha tulipouza nyumba na kuhamia kwenye gari la kuishi, lenye kitanda na jiko ndani. Uwanja wa maegesho ni wa mwenye duka, hata kama ni mpana kama shamba la mahindi na hauna kibao cha kukataza. Unaingia, unamtafuta meneja, unauliza kama mtu anayebisha hodi. Akikubali, unajibanza ukingoni kabisa, usije ukamnyima nafasi mama mwenye watoto. Hutoi viti nje wala huchomi nyama. Unanunua chochote dukani, asubuhi unaondoka. Na hufungui ubavu.

Ubavu ni ule upande wa gari unaosukumwa nje kwa swichi, chumba kikapanuka hatua mbili. Kwenye kambi za magari kama haya kila mtu hufungua. Ukiufungua kwenye uwanja wa duka, umetangaza kwamba umehamia.

"Tumepewa kulala, Arlette, hatukupewa kiwanja," Merle alikuwa akisema.

Tangu Septemba, kila Jumanne tulilala kwenye uwanja wa duka la vyakula la Kelsey Fork, magharibi mwa Nebraska, ili Jumatano saa moja asubuhi Merle awe hospitalini kuwekewa dawa ya saratani. Siku nyingine tuliegesha uani kwa binti yetu, mwendo wa saa tano, na Merle hakuweza tena kukaa kitini saa tano kisha apokee dawa siku hiyohiyo. Hospitali haikuruhusu magari kulala. Kambi zote hufunga maji Oktoba, mabomba yasije yakapasuka kwa baridi. Kituo cha malori kilikuwepo, lakini kufika saa tisa mchana kimeshajaa. Kwa hiyo ule ukingo wa lami, chini ya nguzo ya mwisho ya taa, ndio uliokuwa ukimweka mume wangu hai.

Meneja aliitwa Darnell Hoyt. Theluji ilipoanguka alimwambia mtu wa katapila aanze kusafisha upande wetu.

"Bibi Arlette," aliniuliza siku moja, "pichi makopo manne kila wiki! Mnafungua duka lenu mnipiku?"

"Ndicho kitu pekee kinachokaa tumboni kwa mzee."

Tangu hapo nilikuta makopo manne yamewekwa chini ya kaunta, na jina letu juu ya karatasi.

Januari, dhoruba ikafunga barabara kuu upande wa mashariki, ule wa kurudi kwa binti yetu. Jumatano hiyo uwanjani kulikuwa na magari ya kulala manane. Jirani yetu alikuwa Rusty Kimbrel, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye gari jipya refu kama basi. Asubuhi aliniuliza, "Mama, hapa mtu anaruhusiwa kufungua?"

"Hapana, baba. Hapa ni kulala tu."

"Haya, wewe ndiye mwenyeji," akasema. Tuliporudi kutoka hospitali, alinisaidia kumshusha Merle kwenye teksi.

Merle hakufika kitandani. Alitapika, akateleza, akakaa sakafuni kati ya kitanda na kabati, miguu imekunjika chini yake. Ubavu ukiwa umefungwa, pale mtu mmoja hupita kwa upande. Nina miaka sabini na minne. Nilijaribu kuingiza mikono chini ya makwapa yake, nikashindwa hata kuinama.

Nikasimama kwenye swichi.

"Usifungue," akasema. "Ita mtu."

Suruali yake ilikuwa imelowa. Merle ni mtu wa kupiga pasi hata leso. Rusty alikuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni petu, angekuja mbio. Lakini sikutaka mtu amwone mume wangu vile. Nikabonyeza.

Nafasi ikapatikana. Nilimwinua kidogokidogo, nikamwosha, nikamlaza. Akalala usingizi wa kweli, wa kwanza kwa siku nne. Ubavu ukifungwa, mota yake hulia kama ng'ombe na kitanda hutikisika. Nikasema moyoni, saa moja tu. Nami nikasinzia kwenye kiti.

Nilizinduliwa na harufu ya soseji.

Rusty alikuwa amefungua mbavu zote mbili za gari lake. Wengine wamefuata. Turubai zimetandazwa, viti vimetolewa kwenye jua la baridi, jiko la gesi linafuka. Nyuma ya duka, lori la maziwa lilikuwa limekwama, limeshindwa kupinda kwa sababu ya turubai moja, na dereva anapiga honi.

Nikatoka na kandambili zangu kwenye theluji. "Rusty, fungeni! Mtatufukuzisha!"

Akacheka, soseji mkononi. "Nyani haoni kundule! Funga wewe kwanza, bibi!"

Wenzake wakacheka naye. Nilikuwa na jibu, ila Merle hapendi watu watangaziwe ugonjwa wake. Nikarudi ndani, naye alikuwa bado usingizini.

Mtu wa makao makuu ya kampuni ya duka alikuwa amekuja siku hiyo kwa ajili ya mizigo iliyochelewa. Niliona kupitia dirishani akipiga picha, gari moja baada ya jingine. La kwetu alilipiga kwanza.

Alasiri Hoyt akabisha, akasimama kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Kuanzia leo hakuna gari kulala hapa. Hata moja."

"Hata Jumanne?"

"Nilimweleza yule bwana wa makao makuu habari za mzee. Akasema akimruhusu mmoja atawaruhusu wote." Aliutazama ubavu wetu, akayaondoa macho haraka. "Nimetoka nyumbani kwangu kupima pale ninapoegesha, kama gari lenu litaingia. Kwa hatua. Mnapungukiwa hatua sita, na mji haukubali gari litokeze barabarani. Samahani, bibi."

Fikiria mtu aliyeacha kazi siku kama ile, akaenda kupima uwanja wake kwa miguu.

Alipoondoka, Merle alikuwa macho.

"Nani alianza kufungua?"

"Mimi."

"Miaka yote nakuhubiria," akasema, akatabasamu kidogo. "Haya. Barabara ikifunguliwa, twende nyumbani kwa binti yetu."

"Nitatafuta mahali pengine kabla ya Jumanne."

"Arlette. Twende nyumbani."

"Nitaendesha usiku. Nitakufungia mito pande zote."

"Mama, nimechoka na hizi dawa." Akageukia ukutani. Kisha akasema nisijilaumu. Alisema kwa upole, na tangu siku hiyo sijafanya kitu kingine ila kujilaumu.

Rusty alikuja na bakuli la supu. Alikuwa ameambiwa na Hoyt habari za saratani na zile Jumanne zetu. Alisimama bila kuweza kunitazama, akasema, "Mama, mbona hukuniambia?" Nilimshika mkono. Si mtu mbaya. Aliona mwenyeji amefungua, naye akafungua.

Nilifunga ubavu. Nikafagia mahali petu, nikaokota karatasi za soseji ambazo hazikuwa zetu, maana unapaacha pasafi kuliko ulivyopakuta. Kwenye kioo cha pembeni kulikuwa kumening'inizwa mfuko: makopo manne ya pichi. Ya wiki inayofuata.

Jumanne iliyofuata, uani kwa binti yetu, niliamka mapema, nikafunga kabati zote, nikakaa kwenye usukani na kuwasha injini.

"Unakwenda wapi?" Merle akauliza kutoka kitandani.

"Siendi. Naipasha moto tu, isigande."

Nikaiacha iungurume dakika kumi, mikono yangu kwenye usukani, kisha nikaizima.