Siku Fahirisi Ilipopanda

Wifi yangu alipopiga simu, nilikuwa nacheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla hata ya maneno yake: kicheko changu kikiwa bado mdomoni, na mkuu wa kitengo amesimama kando ya meza yangu na kikombe chake, akinipongeza.

Ilikuwa saa nne asubuhi kasoro dakika chache. Kwenye skrini fahirisi yangu ilikuwa imepanda kwa asilimia sita, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia kwa siku moja tangu niizae. Nasema niizae kwa makusudi. Miaka mitatu nyuma nilikuwa nimeijenga mwenyewe: kampuni ishirini na nane zinazochimba urani, kila moja na uzito wake kulingana na ukubwa wake sokoni, zote zikikusanywa kuwa namba moja ya kuwaonyesha watu kama hisa za wachimbaji hao zinapanda au zinashuka. Nilisoma ripoti za migodi mpaka macho yakaniwasha. Niliandika kanuni moja baada ya nyingine: nani aingie, nani atolewe, ifanyike nini hisa zikisimamishwa kuuzwa. Mama alipotaka kujua nafanya kazi gani hasa, nilimweleza nusu saa nzima. Alisikiliza, akanimiminia chai, kisha akawaambia majirani kwamba natunza orodha. Hakukosea sana. Siku hizi anaitunza mtu mwingine, kwa kanuni zile zile.

Asubuhi ile kampuni ya tatu kwa uzito ilianguka ghafla, ikapoteza robo ya thamani yake, soko likasimamisha hisa zake. Mwenzangu wa meza ya pili, tuliyemwita Nukta tangu siku alipoiweka nukta ya desimali mahali pasipo pake, ndiye aliyetuletea habari: maji yamevunja ukuta, yameingia mgodini. Mgodi mkubwa ukifungwa, urani inaadimika; ikiadimika, bei inapaa; na bei ikipaa, wachimbaji waliobaki wanapaa nayo. Kampuni moja chini, ishirini na saba juu. Mkuu akasema sasa kila mtu ataijua kazi yangu. Nukta akasema chai ya ofisi nzima leo iko juu yangu. Hapo ndipo nilipocheka.

"Wifi," mke wa kaka yangu akasema, taratibu mno, "umesikia habari za mgodi?"

Nikamwambia nimesikia. Bado sikuwa nimeelewa. Kaka alikuwa fundi wa pampu, ameajiriwa na karakana iliyompeleka leo huku, kesho kule. Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa kwenye kiwanda cha saruji.

"Walimhamishia huko Jumatatu," akasema. "Yuko chini."

Nimesikia watu wakisimulia jinsi walivyopiga mayowe, jinsi miguu ilivyowaishia nguvu. Mimi nilirudi kazini. Hisa zikisimamishwa, kanuni yangu ilisema, itumike bei yake ya mwisho na wateja waarifiwe kabla ya saa sita. Nikaandika taarifa. Nikaandika kwamba hakuna mabadiliko yoyote katika orodha. Nikaisoma tena kutafuta makosa ya tahajia, nikasahihisha moja. Nukta, aliyekwisha kuniuliza mara mbili simu ilihusu nini, akaja akanitoa vidole kwenye kibodi kimoja kimoja, kama anayemvua mgonjwa pete. Ndipo nikamwambia. Mkuu akakiweka kikombe chake chini bila kunywa. Mbele yetu namba iliendelea kupanda, na hakuna aliyepata akili ya kuizima ile skrini.

Nilifika mgodini kesho yake mchana. Nilikuwa naujua kwa moyo: kina chake, tani zake kwa mwaka, miaka iliyobaki kabla madini hayajaisha. Sikujua kwamba lango lake lina kutu, wala kwamba pampu zikinguruma ardhi inatetemeka mpaka kwenye meno. Katika ripoti zote nilizosoma, pampu zilikuwa mstari mmoja tu, chini ya gharama za uendeshaji. Wifi alikuwa ameketi ukutani na wake na mama za watu wengine. Alinipisha nikae.

Siku ya tatu walitolewa watu tisa. Kaka alikuwa wa saba. Wenzake wawili, waliokuwa naye kwenye pampu moja, walitolewa wamefunikwa.

Wiki moja baadaye alikuwa wodini, kitanda cha dirishani, mguu umefungwa mpaka pajani, akiwatania wauguzi kwamba uji wao ungetosha kuziba ule ukuta. Wifi alikuwa akimenya chungwa. Wauguzi walipoondoka, kaka akauliza bila kunitazama:

"Ile namba yako, dada. Siku ile ilishuka sana?"

Ningeweza kumdanganya. Wifi aliacha kumenya.

"Ilipanda," nikasema.

Akanigeukia kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Akataka kujua ilipanda kiasi gani. Nikamtajia, mpaka desimali ya pili, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuitaja. Midomo yake ikacheza bila sauti. Nikadhani anahesabu, kumbe alikuwa akiyataja majina ya wale wenzake wawili wa pampu.

Kisha akamwambia mkewe anisogezee kiti, maana muda wote huo nilikuwa nimesimama.