Karatasi ya Nyuma ya Picha

Desmond Ackroyd alijua Bi Edna Sugden amefuata nini, na angeweza angejifungia karakanani mpaka mama huyo aondoke. Alikuwa fundi wa fremu wa jumba la sanaa la mji tangu ujana wake. Wiki hiyo walikuwa wamefungua maonyesho ya wachoraji waasi wa enzi ya Malkia Victoria, vijana waliokataa kuchora walivyofundishwa, wakabeba turubai zao hadi porini na kuwasimamisha wasichana mvuani. Watu wanaupenda sana uasi huo. Wasichana waliolowa hakuna anayewaulizia.

Bi Edna, mwenye miaka themanini na minne, aliulizia. Kwenye picha kubwa kuliko zote, msichana mwenye nywele nyekundu amesimama mtoni, maji magotini. Kibao kilisema ni mke wa mchoraji. Bi Edna alisema ni Keziah Sugden, bibi wa baba yake, msokota nyuzi kiwandani, aliyesimama humo siku nne za Novemba, akashikwa kifua, akafa kabla ya Krismasi na kuacha mtoto mchanga. Baba yake Bi Edna, aliyekuwa mbeba picha hapo jumbani, alilisoma jina hilo kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya picha. Nyumbani walimcheka mpaka anaingia kaburini.

Dakta Lathbury, msimamizi wa maonyesho, alimsikiliza kwa adabu, akaagiza picha ishushwe. Desmond ndiye aliyeigeuza, Bi Edna akitazama. Nyuma palikuwa na ubao mweupe wa kufunika mgongo wa picha, msafi, wenye tarehe ya 1991 kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mwaka ule mkuu wa karakana aliamuru karatasi zote kuukuu zibanduliwe, kwa kuwa gundi yake ilileta wadudu. Desmond alibandua zaidi ya mia mbili. Hii aliikumbuka kwa sababu aliisoma kwa sauti, wenzake wacheke: Keziah Sugden, siku nne, hakulalamika. Kisha akaikunja, akaitupa.

Alimfuata Dakta kwenye korido, akamweleza yote. Dakta alimwambia kwa upole kwamba kumbukumbu ya fundi, baada ya miaka yote hiyo, si ushahidi. Kibao kingebaki kama kilivyo.

Basi Desmond akaenda kwenye chumba cha chai alikokuwa Bi Edna, akaketi mbele yake.

"Mama, baba yako hakudanganya. Jina lilikuwepo. Nililisoma mimi, na karatasi niliitupa mimi."

Bi Edna aliweka kikombe chini polepole.

"Uliitupa lini, mwanangu?"

"Tisini na moja."

"Baba alikufa themanini na nane. Anakata roho, akaanza tena na hiyo karatasi. Nikamwambia, baba, nyamaza, tumechoka na uongo wako."

Desmond alihesabu: miaka mitatu.

"Kwa hiyo siku ile karatasi ilikuwa bado ipo hapa," alisema Bi Edna. "Ni vituo vitatu tu vya basi. Ningekuja nikaiona, nikarudi nikamwambia."

"Nisamehe, mama."

"Wewe ulifanya kazi uliyotumwa. Leo nilipouona ule ubao mweupe, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema afadhali, kumbe sikumkosea."

Alivaa glavu zake, moja moja, akatoka. Desmond alirudi ukumbini kuitundika picha, kwa kuwa saa nane wageni walikuwa wanaingia.