Shimo Lisiende Bure

Baba yangu, Celestin, alifariki Jumanne asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Nilimfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa changu cha kanisani, kisha nikapanda hadi nyumba kubwa kumwambia Mama Kokuberwa.

Mama Kokuberwa ni mjane wa Mzee Rwegoshora, mwenye kibanja, shamba la migomba la ukoo, tulichokuwa tunaishi pembezoni mwake, hapa Chonyonyo. Baba aliingia humo akiwa kijana, ametoka Rwanda kwa miguu, na hakutoka tena. Migomba yote ya upande wa chini aliipanda yeye. Mzee Rwegoshora alikuwa akimwambia mbele ya watu, "Celestin, wewe utalala hapa hapa chini, kwenye migomba yako." Baba alilitunza neno hilo kama watu wanavyotunza cheti cha ubatizo. Alipougua hakuomba dawa wala padri. Aliniuliza tu kama bado wanakumbuka.

Mama Kokuberwa alilia kweli. Siwezi kumsingizia. Alikaa chini, akavua kitambaa cha kichwani, akasema, "Waitu, Celestin wetu, umeniacha na nani." Kisha akanipa simu. "Waandikie watoto."

Simu hiyo alitumiwa na mwanawe mkubwa, Egbert, anayeishi Dar es Salaam. Mama hajui kusoma. Mimi nilimaliza kidato cha nne, kwa hiyo kwa miaka minne nilikuwa ninamsomea kundi la WhatsApp la ukoo, na kumwandikia majibu. Katika kundi hilo mimi sikuwemo. Nilikuwa kama miwani ya mtu.

Nestory, mwanawe anayeishi hapa hapa, hakungoja simu. Aliita wanaume wanne na majembe, wakashuka chini kwenye migomba. Kufika saa nne shimo lilikuwa limefika magotini.

Egbert aliandika: "Mzee wetu Celestin ametutoka leo. Alitulea. Mungu ampumzishe." Nikamsomea Mama, akaitikia amina. Vikafuata vikono vya kusali, vingi, mpaka nikachoka kuvihesabu.

Kisha akaandika Agnetha, binti yao wa Mwanza: "Kaka Egbert, hilo 'wetu' uliangalie. Kaburi likikaa kibanjani na maandishi yenu yanasema 'wetu', kesho baraza la ardhi litasoma nini?"

"Soma yote," Mama akaniambia. "Usiruke."

Sikuruka. Binamu mmoja aliandika: "Sisi huku mjini tumepanga chumba kimoja, marehemu anapewa shamba. Kumbe tulikosea kuzaliwa." Akaweka nyuso za kucheka. Mwingine: "Ana binti yule. Akiolewa, mume atakuja kudai kaburi la mkwe." Nilisoma na hilo, kwa sauti ile ile ninayosomea matangazo ya harusi. Mama aliguna kidogo, kama mtu aliyesikia bei.

Nilipolirudisha kundi juu kidogo kutazama, ujumbe wa Egbert ulikuwa umebadilika. Ulisema: "Mzee Celestin, mfanyakazi wa marehemu baba, amefariki leo." Pembeni palikuwa na alama ndogo kwamba umehaririwa. Vikono vya kusali vilikuwa bado vipo chini yake, havikuondoka hata kimoja.

"Kimebadilika nini?" Mama aliuliza, maana aliniona nimeacha kusoma.

"Neno moja tu, Mama."

Shuleni tulifundishwa kwamba "wetu" ni kivumishi cha kumiliki. Mwalimu hakutuambia anayemilikiwa hujuaje kama ni ndugu au ni ng'ombe. Nadhani baba alilisikia miaka yote kwa namna moja, na wao walikuwa wakilisema kwa namna nyingine, na kwa sababu lilisemwa kwa mdomo tu, hakuna aliyegundua. Lilipoandikwa ndipo likaogopesha.

Egbert akasema tusigombane, sisi ni watu wa kisasa, tupige kura. Akaiweka: Kibanjani, au makaburi ya kijiji. Nestory alikuwa amesimama mlangoni, matope hadi kwenye mapaja. Aliniuliza, "Umutesi, wanasemaje? Vijana wangu wamekaa."

"Wanapiga kura, kaka."

"Kura ya nini? Mtu amekufa." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake, akabonyeza kibanjani. Kisha akachuchumaa pale mlangoni akitazama kioo, kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira.

Kufika saa saba kura zilikuwa sita kwa sita. Jua lilikuwa kali. Nilifikiria chumba cha baba, alikolazwa, na bati lake. Egbert akapiga, nikaweka simu sauti kubwa.

"Mama, shikamoo. Imebaki yako tu. Tutafuata utakachosema wewe."

"Marahaba, mwanangu. Nitamwambia Umutesi abonyeze."

Simu ikakatika. Nilikuwa na hakika. Mama huyu alikula ndizi za mkono wa baba tangu akiwa bibi harusi. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika, aliyenisukia nywele za kipaimara. Nilikuwa nimeshaweka kidole juu ya neno la kwanza.

"Umutesi," akasema, "mimi nakupenda, unajua."

"Najua, Mama."

"Kaburi linakaa. Mimi nitakufa, wewe utazaa, watoto wako watakuja hapa na maua. Mtu anayeleta maua huwezi kumfukuza." Akajifunga kitambaa chake kichwani, taratibu, akakaza fundo. "Bonyeza hayo ya kijiji."

Ningeweza kubonyeza lingine. Hakujua hata herufi moja. Kabla hawajajua, baba angekuwa ameshafukiwa, na hakuna anayefukua maiti kwa sababu ya simu. Nimeyafikiria haya kila siku. Lakini kwa miaka minne sikuwahi kumsomea uongo, na baba ndiye aliyeniambia kwamba anayemsomea mwenzake amebeba macho ya watu. Kidole kikashuka kwenye neno la pili. Saba kwa sita. Kura iliyomtoa baba niliibonyeza mimi.

"Tayari?" Mama akauliza.

"Tayari."

Nestory alishuka kuwaambia wale wanaume wabebe majembe, waende makaburi ya kijiji, kando ya barabara. Tulimzika jioni, vumbi la malori likitupita, katekista akirudia maneno kila gari likipiga honi. Agnetha aliomba picha. Nikamtumia, kwa jina la Mama.

Kesho yake nilimkuta Nestory kwenye lile shimo la magotini, anashindilia samadi, chipukizi la mgomba liko pembeni.

"Shimo lisiende bure," aliniambia, bila kunitazama.

Mwezi uliopita mgomba ule ulizaa mkungu mkubwa kuliko yote ya upande wa chini. Egbert aliona picha, akaandika kwenye kundi: "Kibanja chetu hakituangushi." Nilimsomea Mama. Alifurahi, akaagiza ukatwe, wageni wa kanisani walikuwa wanakuja.

Akanisogezea kisu na beseni. "Menya wewe, mwanangu, mkono wako ni mwepesi."

Nikamenya.